Mbwa Wako Alipasuliwa Ndio Azae: Umpandishe Tena ama Umwache?

Hii ni ya kila mtu mwenye mbwa jike nyuma ya geti na akili ya kuomoka nayo.

Picha ni hii. German Shepherd wako alishika mimba, usiku wa kuzaa mambo yakakwama, mkamkimbiza kwa daktari, akapasuliwa na watoto wakatolewa. Wawili walikufa, watano wakaishi, wote wakapata wanunuzi. Sasa miezi mitano imepita. Kidonda kimepona, manyoya yameota, anafukuza boda kama kawaida. Halafu asubuhi moja unapata matone ya damu kwa veranda na madume manne ya mtaa yamelala nje ya geti kama abiria wanangoja matatu ijae. Yuko kwenye joto. Na yule jamaa mwenye dume, mwenye ulimpa mtoto mmoja kama malipo ya kupandisha, ashakutumia meseji: "Buda, tunarudia lini?"

Usimjibu bado.

Huku kwetu hilo si swali la kujiuliza ukiwa umekaa tu. Kutoka Ruiru hadi Thika mashamba ya kahawa yanakatwa ploti za hamsini kwa mia, nyumba zinajengwa mahali hakuna taa za barabarani, na kila mwenye kuweka msingi anataka kitu cha kubweka usiku. Mbwa ni soko. Kuna mtu mtaani mwako anategemea watoto wa mbwa kulipa rent ama kumalizia mtoto fees. Kwa hivyo sitakubongesha kama mtu ambaye hajui ganji inatafutwa aje. Lakini huyo mbwa ndiye ataenda mezani kupasuliwa, si wewe, na hawezi kukataa. Basi tuangalie hii kitu vizuri.

Kwanza tutoe stori mbili za mtaa njiani.

Ya kwanza inasema mbwa akipasuliwa mara moja, basi kila mimba ni kisu. Si kweli. Wako mbwa wengi waliopasuliwa kwa uzao mmoja, uliofuata wakazaa wenyewe usiku, mwenye boma akaamka akapata watoto washaanza kunyonya. Ili uelewe, lazima ujue kizazi cha mbwa kimekaa aje. Cha binadamu kina umbo la pea. Cha mbwa ni kama herufi Y: chini kuna sehemu fupi, halafu pembe mbili ndefu zinapanda ndani ya tumbo, na watoto wamepangana humo kama viazi ndani ya soksi. Daki akipasua, mara nyingi anafungua hapo chini penye zile pembe zinakutana, anawasukuma mmoja mmoja mpaka wote watokee tundu moja, kisha anashona. Kovu linabaki sehemu moja ndogo. Mimba inayofuata, watoto wengi watajishikiza juu kwenye pembe, mbali na hilo kovu.

Hiyo haimaanishi kovu ni mapambo. Linaweza kuwa jembamba na kuachia uchungu ukikaza. Utumbo ama kibofu kinaweza kujishikanisha nalo, na hapo kisu cha pili kinakuwa kazi ngumu kuliko cha kwanza. Ndio maana kila operesheni inayoongezeka inaongeza hatari, hata kama kwa nje unaona mshono mmoja safi.

Stori ya pili ndiyo wenye madume wanapenda: "Asipopandishwa joto hili, kizazi kitaoza." Hii ina kipande cha ukweli, ndio maana inauzika. Kuna ugonjwa wa usaha kwenye kizazi, unashika mbwa jike wasiofungwa kizazi, hasa wakizeeka, na dalili kawaida hutokea wiki chache baada ya joto kuisha: anakunywa maji kama trela, hataki chakula, tumbo linavimba, pengine uchafu unanuka unatoka nyuma. Unaua. Lakini kuruka joto moja ili mbwa apone si tiketi ya huo ugonjwa. Ukiogopa usaha kiasi hicho, dawa yake si mimba, ni kumfunga kizazi. Mwenye dume hatakuambia hiyo kwa sababu haimletei mtoto wa kuuza.

Sasa tuingie ndani. Watu wengi huuliza, "Amepasuliwa mara ngapi?" Hilo swali ni la pili. La kwanza ni: alipasuliwa KWA NINI? Jibu la hilo ndilo linaamua kama unafungua geti ama unalifunga.

Kuna sababu za bahati mbaya tu. Mtoto mmoja alikaa akiwa amekingama, akaziba njia ya wenzake. Ama alikuwa mtoto mmoja peke yake tumbo zima, akala nafasi yote, akawa jitu lisilopita mlangoni. Ama mmoja alikufa ndani akakwama. Hizo ni ajali. Mama mwenyewe yuko sawa, njia iko sawa, kizazi kilikuwa kinasukuma vizuri. Mbwa wa aina hii, kama ni mchanga bado na amepona, anaweza kujaribu tena, na nafasi yake ya kuzaa mwenyewe ni nzuri.

Halafu kuna kizazi kugoma. Siku zimefika, watoto wako sawa, mlango uko wazi, lakini kizazi hakisukumi. Ama kinasukuma kidogo kisha kinanyamaza. Wakati mwingine ni kwa sababu mbwa ni mnene kupita kiasi, ama ameenda umri, ama kalsiamu mwilini imeshuka, ama watoto ni wengi mno misuli ikachoka. Hizo unaweza kuzirekebisha kiasi. Lakini kama alikuwa mchanga, mwembamba, amekula vizuri, na kizazi kikagoma tangu mwanzo bila kuanza kabisa, hapo manze ni ngori. Tabia hiyo huelekea kurudi, na inaonekana kufuata familia. Maana yake hata wale wasichana wake watano uliouza wanaweza kupeleka hiyo shida kwenye maboma ya wateja wako. Mimi hapo nasema basi, hata kama ni mrembo namna gani.

Kuna nyonga. Mbwa aliyegongwa na gari akavunjika nyonga, ikaunga vibaya, njia yake imebana milele. Watu husahau hiyo ajali kwa sababu mbwa anatembea fiti. Anatembea, ndiyo. Hazai. Ukipandisha huyo unampangia kisu kabla hata hajashika mimba. Ndugu yake wa karibu ni yule aliyepandishwa joto la kwanza, akiwa na miezi minane tisa, kwa sababu mwenyewe alikuwa na haraka. Huyo alikuwa mtoto akizaa watoto. Kwa mbwa mkubwa kama German Shepherd, ngoja akaribie miaka miwili. Kama wako alipasuliwa kwa sababu ya utoto, mpe muda akomae, apigwe eksirei ya nyonga, halafu ndio muongee.

Na kuna mbwa ambao shida ni jinsi walivyoumbwa na binadamu. Hawa wa uso bapa, kichwa kama mpira na nyonga nyembamba. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa 2010 ulipata kwamba kwa Boston Terrier, Bulldog na French Bulldog, zaidi ya asilimia 80 ya uzao ulikuwa kwa kisu. Asilimia 80, wasee. Siku hizi hao French Bulldog wanaonekana hadi Thika Road wamevaa sweta. Ukinunua jike wa hao kwa akili ya biashara, hesabu kisu kama unavyohesabu chakula. Kule Uingereza kwenyewe, Kennel Club iliamua kwamba mbwa akishapasuliwa mara mbili, watoto watakaofuata hawasajiliwi. Hapa kwetu kuna East Africa Kennel Club inayosajili mbwa wa ukoo, lakini wewe na mimi tunajua watoto wengi wa mtaa huu wanauzwa bila karatasi, kwa picha ya WhatsApp na namba ya M-Pesa. Hakuna mtu atakuja kukuhesabia visu. Utajihesabia mwenyewe.

Sababu ya mwisho ndiyo inaniuma zaidi, kwa sababu inatengenezwa na watu. Mbwa ameanza uchungu, saa moja imepita, mwenyewe ameingia baridi, anapigia simu jamaa fulani "anajua mbwa". Jamaa anakuja na sindano ya oksitosini, ile ya kukaza kizazi, anadunga. Hakuna mtoto, anadunga tena. Sasa fikiria mtoto amekingama mlangoni, halafu unalazimisha kizazi kusukuma kwa nguvu zote. Ni kama kusukuma kabati kwa mlango wenye umefungwa. Mtoto anakosa hewa, na kizazi kinaweza kupasuka. Mbwa anafika kwa daktari saa tisa usiku akiwa hoi, wanasema "alishindwa kuzaa." Hakushindwa. Alizuiwa. Mbwa kama huyo pengine angeweza kuzaa poa kabisa siku nyingine, lakini inategemea hiyo sindano iliacha kizazi kikiwa hali gani.

Na hapo ndipo watu wengi wanakwama, kwa sababu hawana maandishi yoyote. Ulilipa, ukapewa mbwa amefungwa bandeji na watoto ndani ya katoni, ukaenda. Rekodi yako yote ya upasuaji ni meseji ya M-Pesa. Rudi kwa huyo daktari, hata kama ni miezi mitano baadaye, muulize kwa heshima. Nini kilikwamisha? Ulipasua wapi, chini ama kwenye pembe? Kizazi kilikuwa na rangi gani, kilikuwa kimechanika, kilikuwa chembamba kama karatasi? Kuna mahali palishikana? Kama yeye angekuwa na huyo mbwa kwake, angempandisha? Omba aandike. Daktari aliyefanya kazi yake vizuri hakatai kuandika. Na kwa njia, mtu wa kupasua mbwa anafaa kuwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Sheria ya 2011 inayowasimamia inatenganisha daktari na wasaidizi wa mifugo, na si kila mwenye koti jeupe kwa agroveti ni daktari. Kuuliza namba ya usajili si dharau.

Tuseme umeuliza, na sababu ilikuwa ajali. Poa. Bado kuna mambo ya muda. Hata mbwa aliyezaa bila kisu, ndani ya kizazi kunahitaji wiki kama 12 kujirudisha. Wako amezaa, amepasuliwa, amepoteza damu, halafu amenyonyesha watoto watano wakamkausha. German Shepherd anaweza kurudi kwenye joto upesi, hata miezi minne au mitano baadaye, kwa hivyo joto linarudi kabla mwili haujasema niko tayari. Ushauri wangu: lipite hili la kwanza. Shika mbavu zake. Kama unazihesabu kwa macho ukiwa umesimama mbali, huna mazungumzo na mwenye dume. WHO inashauri mwanamke aliyejifungua angalau angoje miezi 24 kabla ya mimba ingine. Mbwa si binadamu, mwili wake unaenda haraka, lakini hiyo ikupe picha ya jinsi miezi mitano ilivyo midogo.

Sasa ganji. Nitumie namba za mfano, wewe weka zako. Tuseme watoto watano kwa thao 12 kila mmoja, hiyo ni thao 60. Chakula cha mama na watoto, dawa za minyoo na chanjo, tuseme thao 20. Akizaa mwenyewe umebaki na 40, umecheka. Akipasuliwa usiku, pamoja na teksi, tuseme thao 30: umebaki na 10 kwa miezi minne ya kuosha mavi na kuamka usiku. Na mbwa aliyechelewa kufika mara nyingi hupoteza watoto. Wakiishi watatu tu, umeuza 36, umetumia 50. Umelipa thao 14 ndio mbwa wako apasuliwe. Kabla ya kumjibu yule jamaa, jiulize kama hiyo thao 30 iko kando leo, si kwa matumaini ya watoto kuuzika. Kama haiko, jibu umeshalipata.

Kitu kingine ni barabara. Udongo wa huku ni ule mweusi wa pamba. Mvua ikinyesha, gari linazama na boda anakataa, hasa ukimwambia abiria ana kilo 30 na meno. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Ukimpandisha mwishoni mwa Februari, atazaa mwishoni mwa Aprili, katikati ya masika. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha mifugo kule Kabete na madaktari wazuri, lakini Kalimoni hadi Kabete usiku wa mvua, na mtoto amekwama, ni safari ndefu sana. Tafuta daktari wa karibu, Juja, Ruiru ama Thika, mwambie mapema tarehe unayotarajia, umuulize wazi kama atashika simu saa nane usiku. Akisita, tafuta mwingine.

Ukiamua ndiyo, basi fanya kama mtu aliyejifunza kitu. Usichague dume kwa sababu ana kichwa kikubwa kama cha simba, hicho kichwa ndicho kitapita kwenye nyonga ya mama. Siku ya 30 hivi mpeleke ultrasaundi uhakikishe ni mimba. Baada ya siku ya 55 mpige eksirei moja, mifupa ya watoto inaonekana, mnahesabu vichwa. Hii ya kuhesabu imeokoa mbwa wengi: ukijua ni saba, na wametoka sita, hulali. Pia ikionyesha ni mmoja tu, jitu, mnapanga upasuaji mchana, mkiwa mmetulia. Usimpe vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba kwa kubahatisha, vinaweza kuvuruga mwili wake usitoe kalsiamu yenyewe wakati inahitajika.

Kutoka siku ya 58, pima joto la mwili asubuhi na jioni kwa kipimajoto cha duka la dawa, kule nyuma. Kawaida liko 38 hivi. Likishuka chini ya 37.2, uchungu uko ndani ya saa 24. Mwambie daktari hapo hapo.

Halafu shika hizi. Anasukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna mtoto: piga simu. Majimaji ya kijani kibichi yametoka kabla ya mtoto wa kwanza: piga simu, maana kondo la nyuma limeanza kuachia. Saa mbili zimepita tangu mtoto wa mwisho na unajua wengine wako ndani: piga simu. Kwa mbwa mwenye kovu, usingoje "tuone kidogo." Na mtu yeyote asiingie kwa geti na oksitosini bila daktari kujua nini kimekwama.

Akipasuliwa tena mara hii, mwambie daktari amfunge kizazi akiwa pale pale mezani kama hali yake inaruhusu. Mara nyingi inawezekana na bado atanyonyesha. Visu viwili vimetosha. Najua kuna wasee wanaenda vitatu, vinne. Kuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na kumtesa mnyama bila sababu ni kosa, lakini hata bila karao, ukiwa umefika cha tatu unajua mwenyewe unachofanya.

Na ukiamua hapana, usifikirie kuamua kumetosha. Wale madume wanne bado wako nje. Joto huchukua wiki tatu hivi, na siku mbaya ni za katikati, pale damu inapopauka na yeye anaanza kusogeza mkia kando. Wasee wengi hulegeza hapo wakidhani imeisha. Ziba lile shimo chini ya ua, mtoe kwa kamba tu, mlaze ndani ama kwa banda lenye paa, kwa sababu dume la mtaa linaruka ukuta kama mwizi. Likimpata, usikimbilie sindano ya homoni ya "kusafisha," hizo ndizo zinaleta usaha. Mpigie daktari siku hiyo hiyo, kuna njia salama. Joto likiisha, ngoja miezi kama miwili au mitatu, mpeleke afungwe kizazi. Daktari wako wa karibu atakupa bei, na KSPCA kule Karen pia hufanya hiyo kazi.

Yule mwenye dume mwambie angoje. Kama dume lake ni zuri kama anavyosema, halitakosa wa kupanda Ruiru nzima.